Chimbeni Kabla ya Wingu



Ifikapo mwezi wa Septemba, katika nyumba nyingi za Matuu na Yatta kwa jumla, mume na mke huulizana swali lile lile: je, mvua itanyesha mwaka huu? Walio karibu na Mfereji wa Yatta, unaoleta maji kutoka Mto Thika, wana afadhali. Walio mbali nao hutazama mbingu. Mvua ya vuli, inayoanza Oktoba, ndiyo tunayoitegemea zaidi huku Ukambani, na ikikosa, ghala hubaki tupu.

Hapo ndipo ugomvi unapoingia nyumbani. Mke anasema, "Baba watoto, tuuze mbuzi wawili tuchimbe silanga ya kukinga maji yanayopita hapa bure." Mume anajibu, "Mama watoto, shimo la nini na wingu halipo? Mvua ikikosa, tumepoteza mbuzi na nguvu zetu." Katika nyumba nyingine mambo ni kinyume: mume ndiye anayetaka kuchimba, na mke ndiye mwenye wasiwasi. Wote wawili huenda Misa, wote wawili husali Rozari. Je, kati yao ni nani mwenye imani?

Tusiharakishe kuhukumu. Katika Injili ya Marko (9:14-29) tunamkuta baba aliyemleta kwa Yesu mtoto wake mgonjwa. Alikiri mbele ya watu wote kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe pale imani yake ilipopungua. Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto. Baba yule alikuwa na shaka, lakini hakubaki nayo nyumbani. Alifunga safari akiwa nayo. Basi shaka si dhambi. Hatari ni kuifanya shaka iwe sababu ya kukaa tu. Wahenga walisema, ajizi ni nyumba ya njaa.

BONDE LISILO NA MAJI

Someni pamoja Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3. Wafalme watatu walikuwa wametembea siku saba na majeshi yao, wakaishiwa maji, wao na wanyama wao. Mfalme wa Israeli alikata tamaa, akasema Mungu amewaita wafe. Ndipo nabii Elisha akawaagiza wachimbe mahandaki katika bonde lile kavu. Akawaambia wazi kwamba hawataona upepo wala mvua, na hata hivyo bonde litajaa. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja.

Tazameni mgawanyo wa kazi. Kuleta maji ilikuwa kazi ya Mungu, wala hakuna jembe lingeweza kuifanya. Kuchimba ilikuwa kazi ya watu, wala Mungu hakuwachimbia. Ndivyo ilivyokuwa hata katika arusi ya Kana (Yoh 2:1-11): watumishi waliijaza mitungi sita maji mpaka juu kabla ya kuona dalili yoyote ya divai.

Hapa Yatta tumeliona jambo hili kwa macho. Mwaka 2009, wakati wa ukame mkali, Askofu Titus Masika wa Christian Impact Mission alianzisha kampeni iliyoitwa Operation Mwolyo Out. Mwolyo, kama tujuavyo, ni chakula cha msaada. Ndugu huyu si wa Kanisa Katoliki, lakini jambo jema ni jema. Familia zilizozoea kungoja mwolyo zilihimizwa kuchimba mabwawa madogo ya kukinga maji ya mvua mashambani mwao. Zilisaidiana kwa vikundi, kama wazee wetu walivyofanya katika mwethya. Walianza kuchimba ardhi ikiwa kavu.

MLIKWISHA KUCHIMBA MARA MOJA

Wanandoa wapenzi, ninyi mnalijua jambo hili kuliko mnavyodhani. Siku mliyosimama mbele ya altare, je, mliona wingu lolote? Hamkujua kama mtapata watoto, kama kazi itadumu, nani ataugua kwanza. Hata hivyo mliahidiana maisha yote. Ahadi ile ilikuwa handaki lililochimbwa katika ardhi kavu, na neema ya sakramenti imekuwa ikiingia humo mwaka baada ya mwaka.

Basi fanyeni tena hivyo hivyo. Labda kwenu si silanga. Labda ni kumsamehe mwenzako aliyeacha pombe majuzi, nawe huna hakika kama ataendelea. Labda ni kuanza kusali pamoja baada ya miezi ya kununiana. Anayengoja mpaka shaka yote iishe atangoja mpaka uzee.

Lakini ujasiri si papara. Shetani alipomtaka Yesu ajitupe kutoka mnara wa hekalu, Yesu alikataa kumjaribu Mungu (Mt 4:5-7). Kuuza mbuzi kwa siri, au kuchukua mkopo bila mwenzako kujua na kuuita imani, ni kumdanganya mwenzako. Mume, msikilize mke wako anapoogopa. Huenda ameona jambo usiloliona. Mke, fanya vivyo hivyo. Shaka ikisemwa mezani husaidia kupanga vizuri: tuuze mbuzi mmoja badala ya wawili, tuchimbe pale maji yanapopita kweli. Kisha wekeni siku, na siku hiyo ikifika, shikeni majembe.

Na mvua ikikosa? Inaweza kukosa. Hatuhubiri hapa kwamba kila achimbaye atavuna msimu huo huo. Lakini shimo litakuwepo msimu ujao, na ninyi mtakuwa mmejifunza kufanya kazi bega kwa bega. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliikumbusha familia kwamba ni Kanisa la nyumbani. Katika Kanisa, mmoja akilegea, imani ya mwingine humshika mkono.

YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Ni jambo gani jema tumeliahirisha tukingoja kuwa na hakika?
2. Kila mmoja wetu anaogopa nini hasa? Tusikilizane bila kukatana maneno.
3. Ni hatua gani moja tutaichukua kabla ya Jumapili ijayo?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetuunganisha tukiwa hatujui ya kesho, pokea imani yetu ndogo pamoja na hofu yetu. Tupe nguvu ya kuchimba, nawe utuletee maji kwa wakati wako. Mama Maria wa Kana, utuombee. Amina.