Sauti ya Aliye Ng'ambo: Haki au Amana?

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema pia kwamba aliye kando haangukiwi na mti, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hizi tatu zikiwekwa pamoja huonekana kama hukumu iliyokwisha kukatwa dhidi ya mtu aliyeihama nchi yake kwa kuukimbia udhalimu, kisha akawa anaupigia kelele udhalimu huo akiwa katika mji wa watu wengine. Ya kwanza yamwambia kwamba kelele zake hazifai kitu. Ya pili yamwambia kwamba yeye yu salama. Ya tatu yamwambia kwamba hayajui tena yale anayoyasema. Swali tunalokusudia kulichungua katika kurasa hizi ni hili: je, aliyevuka mpaka ana haki ya kuipinga serikali ya kwao kwa niaba ya wale aliowaacha nyuma? Na ikiwa anayo, haki hiyo yatoka wapi, na mipaka yake ni ipi?

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda, swali hili si la kubuni. Tangu Idi Amin alipoipindua serikali tarehe 25 Januari 1971 hadi alipotimuliwa mwaka 1979, maelfu ya wananchi waliishi Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka, London na kwingineko, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu, wanafunzi, wanasheria na viongozi wa dini. Katika miaka hiyohiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa. Ndiyo maana wako raia wengi waliokisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitamkwa na mtu mwenye bunduki. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, ndugu zao walikuwa wakikitumia Kiswahili hichohicho kuomba kazi, kununua unga sokoni na kumweleza jirani mambo yaliyowasibu. Lugha moja ilitumika kutishia upande huu, na upande ule ikatumika kushitakia. Hatuna budi, basi, sisi wenye kuifundisha, kujiuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kusema ndani yake.

Wako wanaojibu kwamba haki hiyo hutokana na kuzaliwa: mtu kwao, na aliyezaliwa mahali hawezi kunyimwa neno juu ya mahali hapo. Jibu hili ni zuri ila halitoshi, maana hata dhalimu amezaliwa papo hapo. Wengine hujibu kwamba haki hutokana na mateso: aliyeumizwa ndiye mwenye kusema. Hili nalo halitoshi. Mtu aweza kuteswa kweli, kisha akasema uongo. Na yuko asiyeteswa, aliyekuwa masomoni Ulaya siku ya mapinduzi, ambaye hata hivyo akinyamaza atakuwa ameshiriki dhambi.

Sisi twaona kwamba sauti ya aliye ng'ambo si mali yake, bali ni amana. Walimu wenzetu walijua neno hili vyema. Amana si zawadi, wala si mkopo. Aliyewekewa amana huitunza kama alivyoipokea, haitumii kwa faida yake, na mwenyewe akija kuitaka humrudishia. Asiyefanya hivyo huitwa haini. Waliobaki nchini wamefungwa midomo. Aliyetoka ametoka na sauti iliyokuwa ya wote. Kutokana na hapo twaweza kuyapata masharti matatu ya kuyapimia maneno na matendo yake.

Sharti la kwanza ni ukweli. Amana haipunguzwi wala haiongezwi. Mnamo Februari 1977 serikali ya Amin ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Tangazo hilo halikuvunjwa na kelele za mtu aliyeko London. Lilivunjwa na watu wa kijijini kwake, walioufungua mwili ulipoletwa kuzikwa wakayaona majeraha ya risasi. Kazi ya waliokuwa nje ilikuwa kulichukua neno la watu wale na kulifikisha mahali ambapo wenyewe wasingeweza kufika. Mwaka huohuo Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliukimbia utawala ule na kutoa kitabu juu ya mauaji aliyoyajua. Wako waliouliza kwa nini alitumikia kwa muda mrefu kabla ya kusema. Swali hilo ni la haki, lakini haliufuti ushahidi wake, kwa kuwa thamani ya ushahidi ni ukweli uliomo, si usafi wa mikono iliyouleta.

Kinyume cha ukweli si uongo peke yake, bali na kutia chumvi. Hesabu ya waliouawa chini ya Amin haikupata kujulikana kwa yakini. Makadirio huanzia 80,000 na kupanda hadi 300,000, na wako waliotaja 500,000. Aliye mbali hushawishika kuichagua hesabu kubwa zaidi, akidhani kwamba dunia haitashtuka kwa ile ndogo. Lakini kila tarakimu asiyoweza mtu kuitetea humpa dhalimu silaha, kwani huikanusha hiyo moja, kisha akadai kwamba amezikanusha zote. Tena aliyeuawa ni mtu mmoja mwenye jina na mama yake, naye hahitaji kuongezewa maiti za kubuni ili kifo chake kihesabiwe.

Sharti la pili ni gumu zaidi, nalo ni kujua nani atalipa. Mnamo Septemba 1972 kikosi cha wakimbizi kilivuka mpaka kutoka Tanzania kwa nia ya kumwondoa Amin. Kilishindwa katika siku chache. Tarehe 21 ya mwezi huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mjini Kampala, wala hakuonekana tena. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Februari 1973 watu walioshtakiwa kuwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, Kabale ukiwa mmojawapo, na wananchi wakaitwa kutazama. Hatusemi kwamba wakimbizi ndio waliowaua watu hao; la hasha! Mwuaji ni yule aliyeua. Hata hivyo ni kweli kwamba waliochagua siku ya kuvuka walikuwa upande mmoja wa mpaka, na waliogongewa milango usiku walikuwa upande wa pili. Luwum naye, kabla ya kuuawa, alishutumiwa kwamba alishirikiana na waliokuwa uhamishoni. Kwa dhalimu, kila neno la aliye nje ni sababu ya kumkamata aliye ndani.

Je, basi, aliye nje anyamaze? Akinyamaza, dhalimu atakuwa amepata kwa vitisho kile alichokitaka, na waliobaki watakuwa mateka ambao kwao dunia nzima imefungwa mdomo. Tofauti iliyopo ni kati ya kusema na kuchagua gharama kwa niaba ya wengine. Kwa hili Afrika Kusini yatupa mfano unaostahili kuangaliwa. Mwaka 1959 Albert Luthuli, rais wa African National Congress, akiwa ndani ya nchi yake na amewekewa vizuizi na serikali, aliwaomba watu wa nje wasusie bidhaa za Afrika Kusini. Hakuficha kwamba Waafrika wenyewe wangeumia. Alisema kwamba wako tayari kulipa, ikiwa maumivu hayo yatafupisha siku za umwagaji damu. Tarehe 26 Juni mwaka huo mkutano wa kuanzisha mgomo wa bidhaa hizo ulifanyika London, na Julius Nyerere akawa mmoja wa wasemaji. Mkimbizi wa Afrika Kusini aliyesimama mlangoni mwa duka akimsihi mama wa Kiingereza asinunue matunda yale hakuwa amewachagulia ndugu zake njaa. Alikuwa akilifikisha neno lao.

Msomaji aweza kutuuliza: itakuwaje pale ambapo hakuna Luthuli wa kusema, kwa kuwa kila aliyenena amekwisha kuuawa? Hiyo ndiyo hali iliyokuwa Uganda. Mnamo Oktoba 1978 Bunge la Marekani lilipiga marufuku biashara na Uganda, na baadhi ya Waganda waliokuwa huko walikuwa wameidai hatua hiyo. Kahawa ilikuwa karibu bidhaa pekee ya kuiletea nchi fedha za kigeni, na Marekani ilikuwa ikinunua takriban theluthi moja yake. Hapakuwa na mkulima aliyeweza kusimama na kusema kama anakubali au anakataa. Lakini matendo yake yalikuwa yakisema. Alikuwa akilipwa kidogo mno na bodi ya serikali, ilhali fedha za zao lake zilinunua pombe na anasa zilizoletwa kwa ndege kutoka Stansted, Uingereza, kwa ajili ya wanajeshi. Kwa hiyo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuiacha mibuni ikaota magugu, na wengine, hasa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, waliivusha kahawa yao usiku hadi Kenya. Neno magendo, ambalo kila Mganda wa miaka ile alilijua, lilizaa matunda yake huko. Hatusemi kwamba kila mvushaji alikuwa mpigania uhuru. Wengi walitafuta bei tu. Lakini aliyedai marufuku ile angeweza kusema kwamba gharama yake ingeiangukia zaidi hazina ya jeshi kuliko mfuko wa mkulima, na kwamba mkulima alikuwa ametangulia kuigeuzia serikali kisogo. Uvamizi wa 1972 haukuwa na hoja ya namna hiyo.

Neno letu lenyewe latufundisha. Twasema maandamano, na asili yake ni kuandama, yaani kufuata. Kuandamana ni kufuatana, kwenda pamoja. Kumbe mtu mmoja hawezi kuandamana. Aliyesimama mbele ya ubalozi na bango mkononi yafaa ajiulize: naandamana na nani? Ikiwa hatua zake zafuatana na hatua za waliobaki nyumbani, hata kama hawaonekani, hayo ni maandamano. Ikiwa ni zake peke yake, huo ni matembezi. Siku hizi, kwa simu na intaneti, neno hutoka Toronto likafika kijijini kabla chai haijapoa, na jibu likarudi. Aliye ng'ambo hana tena udhuru wa kudai kwamba hakuweza kuwauliza wenzake. Hatari nayo imezidi, maana njia ileile humwonyesha dhalimu ni nani aliyejibu.

Sharti la tatu ni kurudisha. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakati majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa nao yalipokuwa yakisonga mbele, vikundi zaidi ya ishirini vya wakimbizi vilikutana Moshi na kuunda umoja mmoja. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Yusuf Lule alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukazua ubishi, na ubishi ukazaa vita vilivyodumu hadi Januari 1986. Sababu za mambo hayo ni nyingi, wala si zote zilizotoka Moshi. Lakini mojawapo ni hii, kwamba wengi waliorudi waliiona sauti waliyokuwa nayo ng'ambo kuwa hati ya kutawalia. Walikuwa wamesema kwa niaba ya wananchi kwa muda mrefu, hata wakasahau kwamba wananchi sasa wameweza kujisemea.

Tumlinganishe na hao Oliver Tambo. Chama chake kilimtuma nje mwaka 1960, akakiongoza uhamishoni kwa miaka thelathini, akarudi Desemba 1990. Mnamo Julai 1991, kwenye mkutano uliofanyika Durban, uongozi ulipita kwa Nelson Mandela kwa kura za wajumbe waliotoka ndani na nje. Mtu aliyebeba sauti ya nchi nzima kwa miongo mitatu aliiweka mezani mbele ya wenyewe. Huyo hakupoteza kitu, maana hakupata kudai kwamba ni chake.

Twarudi kwenye kazi yetu. Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa Katiba, lakini wako bado wazazi wanaokikumbuka kama lugha ya kizuizi cha barabarani. Hatuwezi kuwaambia kwamba kumbukumbu yao ni ya uongo. Twaweza kuwaambia sehemu ya pili ya habari, kwamba lugha hiyohiyo iliwahifadhi ndugu zao ugenini. Nasi twawapendekezea walimu wenzetu walipeleke swali hili madarasani kama mjadala, methali zile tatu zikiandikwa ubaoni. Wanafunzi waulizwe kama fimbo ya mbali haifai kamwe, au kama yategemea ni nani aliyeikabidhi, na ni nani atakayeumwa nyoka akikosewa. Yamkini baadhi yao wana shangazi au mjomba ng'ambo, nao watakuwa na la kutufundisha.