Herufi Moja ya Djuma

Kuchonga herufi za kuinuka kuna ukali wake. Herufi yenyewe huichongi. Unachonga kila kisicho herufi, na jina ndilo linalobaki limesimama. Kwenye herufi za kuzama, ukisahau moja na nafasi ipo, unaiongeza. Za kuinuka, mti ukishaondoka umeondoka. Kuishusha herufi unaweza, kuipandisha hapana.

Jirani yangu, tumwite Djuma (si jina lake, ila shida ni ile ile), alipata safari ya Marekani. Hapa Nyarugusu tumekaa mstari mmoja, tukiombana chumvi na moto. Nikasema huyu ataondoka na kitu cha mkono wangu. Sikumwambia. Nilichukua ubavu wa kitanda kilichovunjika, mvule mzuri, nikaandika DJUMA kwa penseli, nikaanza.

Tumbo la D ndilo lililonichosha. Unapita kwanza na kisu kwenye mstari ili patasi isije ikang'oa ukingo, halafu unatoa ndani kidogo kidogo. Nyuzi za mvule zinageukageuka. Ukiwa na haraka kipande kinaruka, herufi inabaki kibogoyo. Siku 2, D peke yake.

D ile ina habari yake. Kwetu Kongo shule zilifuata Kifaransa, na kwa Kifaransa j peke yake inasomeka vingine, basi wazee wakaandika dj: Djuma, Mwadjuma. Tulipovuka ziwa, karani aliandika kama alivyozoea yeye: Juma. Hakukosea, huku ndivyo linavyoandikwa. Lakini baba yake Djuma, ambaye kaburi lake hatujui nani analipalilia, aliiandika ile D kwa mkono wake.

Jioni nikampelekea. Akapapasa herufi, akacheka, halafu akanyamaza.

"Yaya, hii D siwezi kuibeba."

Karatasi zake zote zinasema Juma. Mizigo inafunguliwa njiani. Mtu akimuuliza, wewe ni Juma ama ni Djuma, atajibu nini? Amesubiri miaka 12. Akaniomba niitoe.

Nilikasirika, nikiri. Nikamwambia anamkana baba yake. Neno lile linanichoma mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwa sababu zawadi ni ya nani hasa? Mimi nilidhani namtunzia jina. Lakini mimi siendi. Si mimi nitakayesimama uwanja wa ndege na watoto 4 wakinishika suruali. Kutunza heshima ya mwenzako ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Halafu zawadi ya kushtukiza ina kiburi kidogo ndani yake: inasema nakujua bila kukuuliza. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana tunaifurahia. Ila kwa jina la mtu, kumuuliza mwenyewe kungenigharimu nini? Robo saa, na chai juu yake.

Mzee mmoja wa mstari wetu hakukubaliana nami. Alisema: kila mtu akitoa D yake ili apite, watoto watajuaje kwamba iliwahi kuwepo? Sina jibu la kumtosha. Naona tu kwamba kuilinda D ni kazi yetu sote, na sikuwa na haki ya kumtwika mtu mmoja, tena siku ya safari, tena nimemfichia ndani ya zawadi. Mimi mwenyewe karatasi zangu zimepoteza herufi, na sijawahi kwenda kwa karani kuidai.

Nikarudi na patasi. Kilichonichukua siku 2 kukisimamisha, kukishusha hakikumaliza hata nusu saa. Zilizobaki hazisogei, kwa hiyo JUMA limekaa upande, kushoto kwake pengo. Nikataka kuukata ubao, jina likae katikati kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshashika msumeno.

"Acha hivyo hivyo, yaya," Djuma akasema. Akauzungushia kitenge cha mke wake, akaulaza katikati ya nguo.