Mpwa Wangu, Umemwandikia Nani?

Mpwa wangu, mama yako alikuja hapa Changarawe juzi, akakaa mkekani kitambo bila kusema kitu, ndipo akaniambia unataka kuacha kazi. Hukufukuzwa, mshahara haukukatwa. Umechoka na watu. Neno hilo nimelala nalo. Na mimi nimechoka, magoti yamenigomea, maneno haya nimewaambia wengi. Lakini kwetu Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba, basi kaa unisikilize.

Ninayajua ya huko halmashauri kwenu. Chai ya saa nne inafika, maandazi yanazunguka, na maneno yanaanza. Fulani kapewa safari kwa kuwa ni wa kwao. Fulani anakaimu na sifa hana. Posho za mwaka jana ndiyo zimeshaliwa. Hapa hata ujitume vipi, utastaafu huna kitu. Siku za mwanzo unasikiliza tu. Baadaye unatikisa kichwa. Mwisho wake wewe ndiye unayeanzisha, na ukirudi mezani kwako jalada ulilolifungua asubuhi huna hamu hata ya kuligusa.

Kwenye semina watakwambia tabasamu, waza mema, wakimbie wenye maneno. Kutabasamu sikukatazi. Ninachokuomba ni usidhani moyo mkunjufu maana yake ni kufunga mdomo. Lisemwalo lipo. Mei 2022 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda kwa asilimia 23.3. Mshahara wa Julai ulipoingia, wengi wa ngazi za juu wakakuta nyongeza ndogo, kwa sababu asilimia ile haikuwa ya kila mtu. Manung'uniko yaliyozuka maofisini hayakuwa umbea. Watu walikuwa wanauliza hesabu, na walistahili kukaa na mtu anayeijua awafafanulie taratibu.

Kupuuza wenye hoja hakukuanza leo. Utazame mlima huu wa Uluguru. Mwaka 1953 ilifunguliwa hapa kwetu Mzumbe shule ya serikali za mitaa, ile iliyokuja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na Chuo Kikuu mwaka 2001. Walifundishwa hapo machifu, makarani na madiwani namna ya kuendesha utawala. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa wanawalazimisha wazee wetu kukata matuta ya ngazi milimani ili mvua isiuchukue udongo. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini huko juu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichonga ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule usio na kitu. Wazee walisema kazi ni ya kuua na mavuno hayaji. Wakaitwa wavivu, wakaitwa wakaidi, kisha ikasemwa wanachochewa na siasa za TANU. Julai 1955, upande wa pili wa mlima kule Matombo, zikazuka ghasia, risasi zikalia, mtu akafa. Mpango wa matuta ukaachwa baada ya hapo. Mpwa wangu, walioitwa wakorofi ndio waliokuwa na taarifa sahihi ya udongo wao, na taarifa hiyo haikupokewa kwa heshima. Linaniuma hilo mpaka leo.

Baada ya uhuru wafanyakazi wakapata pa kusemea: yakaja mabaraza ya wafanyakazi, kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawakanya viongozi wasiwe na kiburi, na wafanyakazi wakaushika kwelikweli, hata viwanda vikagomewa kwa sababu ya meneja mwenye matusi. Mabaraza yapo hata sasa. Nimeona wajumbe wakiingia, wakipitisha bajeti, wakisaini posho ya kikao na kuondoka, halafu kesho saa nne ndio hao hao wanaoongoza maneno. Mjue mwakilishi wako. Mpe hoja yako kabla ya kikao.

Nikusimulie habari za kijana mmoja niliyefanya naye kazi, ofisi siitaji. Wenzake walioajiriwa naye walipanda daraja, yeye akabaki. Chai zote zikawa habari zake: anaonewa, kuna mkono wa mtu. Akaacha kusalimia. Mtunza kumbukumbu wa masijala, mama wa makamo asiyependa makuu, akamwambia, "Mwanangu, wewe unalijua jalada lako lina nini?" Likafunguliwa. Wakapekua folio moja baada ya nyingine, wakarudi mwanzo wakapekua tena. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo. Mtu ambaye jalada halionyeshi amethibitishwa, nani angempandisha? Akaandika barua, akaipitisha kwa mkuu wake wa idara, akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, akawa anafuatilia bila kugombana na mtu. Alipanda. Malimbikizo hakulipwa yote, na hapo alidhulumiwa, siwezi kusema vingine. Ila alianza tena kusalimia watu.

Yapo ya kuonewa kweli, na bosi mwenye roho mbaya yupo; kwa hilo kuna chama cha wafanyakazi, nenda mapema.

Sasa hapo kwenye chai. Mtu akianza, muulize, "Umemwandikia nani?" Uliza kwa upole, kama mtu aliye tayari kukaa naye muandike pamoja. Wengine watakuwa walitaka kusikilizwa tu. Wasikilize, ni haki yao. Akisemwa asiyekuwepo, sema tumngoje aje mwenyewe. Wale wazee waliobakiza muda mfupi kustaafu, ambao wewe unawaona ndio wenye uchungu kuliko wote, waamkie kila asubuhi na uwaulize kazi ilivyokuwa inafanywa. Wameziona ahadi nyingi zikipita. Na mhudumu anayekuandalia hiyo chai, mwite kwa jina lake umwambie asante.

Mama yako anasema barua ya kuacha kazi umeshaiandika. Iweke kwenye droo. Chukua karatasi nyingine uandike hoja yako ya posho ya safari: tarehe za safari, ulikwenda wapi, siku ngapi, nani aliidhinisha, na uambatishe vielelezo. Uniletee Jumamosi niisome, nitazame kama ni hoja au ni tuhuma. Jumatatu ipeleke masijala, na usiondoke dirishani kabla hawajagonga muhuri kwenye nakala yako.