Akiba Haiozi, Lakini Humfikia Nani?

Msomaji wa pwani akisikia neno gungu, moyo wake hukimbilia kwenye ngoma: gungu la kukwaa na gungu la kufunda, mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na ule usiku ambao vishindo vya ngoma vilificha mlio wa tupa iliyokuwa ikikata minyororo gerezani. Mtu wa Kigoma akisikia neno lilo hilo hafikirii ngoma. Kwake Gungu ni kata katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa nitalihitaji mbele.

Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolipita. Dagaa na migebuka wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa hukaa katika tabaka la juu. Ukishapita mita mia moja hadi mia mbili, oksijeni hakuna, wala samaki. Na kwa kuwa huko chini hakuna kiumbe cha kulivuruga tope, tope limejipanga tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, hata wataalamu wakishusha mabomba yao hulisoma mfano wa daftari: hapa palikuwa na ukame, hapa mvua zilizidi. Ni hifadhi kamili, na ni hifadhi isiyokalika.

Binadamu naye amejijengea ziwa la namna hiyo. Mwaka 2015, huko Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, Maktaba ya Uingereza ilifungua ghala la magazeti ambamo oksijeni imepunguzwa hadi chini kidogo ya asilimia 15, badala ya 21 tuliyoizoea, ili moto usipate kuwaka. Mna giza humo, na kati ya safu hupita mashine. Utaratibu wenyewe si mpya. Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Northridge kilikuwa nao tangu 1991. Na tetemeko la Januari 1994 lilipoliumiza vibaya jengo la maktaba, vitabu vilivyokuwa katika masanduku ya mashine vilinusurika. Chuo Kikuu cha Chicago nacho, mwaka 2011, kilifungua ghala chini ya ardhi lenye nafasi ya juzuu milioni tatu na nusu. Vitabu hupangwa kwa kimo. Diwani yaweza kulala ubavuni mwa kitabu cha hesabu za bima, mradi vimo vyao vimelingana. Kompyuta pekee ndiyo ijuayo kila kimoja kilipo. Msomaji akituma ombi, winchi huteleza juu ya reli, huchomoa sanduku la chuma na kumletea mhudumu, naye hutoa kitabu kwa mkono.

Je, mwenye kuhifadhi amekwisha kutimiza wajibu wake pale kitu kinapokuwa salama?

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kutoujibu upesi. Tunaijua chumvi ya hewa yetu, na mchwa tunawajua. Tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit el Ajaib ikiporomoka. Miezi minne baadaye, Aprili 2021, moto uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na hazina kubwa ya maandishi juu ya Afrika. Anayebeza ghala lisiloungua labda hajawahi kufiwa na kitabu. Wala siafikiani na wale wanaolilia rafu kana kwamba zamani kila mtu aliruhusiwa kuzitembelea. Katika nyaraka nyingi tangu hapo msomaji alijaza karatasi, akangoja mzee mwenye funguo aende na kurudi. Mzee yule ndiye aliyekuwa winchi.

Tofauti ni kwamba mzee uliweza kumwambia, “Natafuta kitu, jina lake silijui.” Mashine ina utii usio na kasoro: hukupa ulichokitaja, na kisichotajwa hakipo. Tumkumbuke Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye karne ya kumi na tisa alimkusanyia mmisionari Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka katika vifua vya watu waliokuwa wakiyakumbuka. (Jina lake lilimfaa: hakujua ni beti zipi atakazopewa, ndiyo maana akazipata.) Mashairi hayo yalipigwa chapa na Hichens mwaka 1940, na maandishi ya mkono ya Taylor yamehifadhiwa London. Yako salama. Lakini andiko la Kiswahili kwa hati za Kiarabu likiorodheshwa na asiyejua Kiswahili, akaandika “shairi la dini” na kunyamaza, basi limezama kuliko tope la Tanganyika, kwa kuwa tope angalau lina mpangilio. Na mtafutaji akiandika gungu, ataletewa kata ama ngoma? Mashine haina hatia hapa. Deni ni la aliyeandika orodha, na letu tuliomwachia aiandike peke yake.

Orodha yenyewe pia hufa. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na kwa miezi mingi sehemu kubwa ya hazina iliyoko Boston Spa haikuweza kuletwa kwa wasomaji. Karatasi zilikuwapo, kavu na nzima, ila hapakuwa na wa kuziita.

Kigoma ina kisa chake cha kuweka na kutoa. Julai 1916 Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, kwani waliifikiria siku ya kuopolewa. Waliomfanyia mtafutaji wema huo hawakumjua. Akatokea kuwa Mwingereza, aliyeipandisha juu mwaka 1924, akaipa jina la Liemba na kuirudisha kazini mwaka 1927, mitambo ile ile ikizunguka.