Nani Atamsemesha Mtoto?

Hunenwa mara nyingi huku Sirisia, msomaji, ya kuwa msichana aliyezaa kabla ya kumaliza masomo amekwisha kumpotezea mwanawe akili, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto bado. Tena, akirudi darasani na kumwacha, humwongezea hasara. Neno hili hupokelewa upesi mno. Tulipime.

Ni kweli ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa katika miaka mitatu ya kwanza. Ni kweli pia kwamba watoto wa mama wadogo aghalabu huwa nyuma ya wenzao katika maneno na fikira. Lakini wachunguzi wakilinganisha mama walio sawa kwa mali na elimu, tofauti hiyo hupungua sana. Basi kosa kubwa haliko katika umri, bali katika ufukara, masomo yaliyokatizwa na upweke.

Tazama Kingston, Jamaika. Mnamo 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa miaka miwili, na mama akaonyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, mapato yao yalizidi ya wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25. Hapakuwa na uchawi wowote.

Tangu 1994 Kenya imeruhusu wasichana waliozaa warudi shuleni, nami naona ni haki, maana elimu ya mama ni mali ya mtoto. Walakini lazima tuulize: mama yuko darasani, mtoto yuko na nani? Yuko na kukhu, nyanya yake, mgongoni, shambani penye mahindi. Hapo ana joto na usalama. Lakini kukhu mwenye jembe na aibu ya jirani haneni sana. (Baba yake mtoto hatajwi, yeye huendelea na masomo bila kuulizwa lolote.)

Yumkini mtoto wa namna hiyo yuko nyumbani kwenu, wa dada yako au wa binamu. Hukumzaa, wala hukuulizwa. Hata hivyo masikio yake hayabagui sauti: jioni, unapochambua maharagwe, mtajie kila kitu unachoshika, kisha nyamaza kidogo umsikilize anavyojibu, hata kama hajui bado kusema.