Kawia Ufike

Februari 3, 1959, muda mfupi kabla ya saa saba usiku, ndege ndogo ya injini moja aina ya Beechcraft Bonanza iliruka kutoka uwanja wa Mason City, jimbo la Iowa, Marekani. Abiria wake walikuwa wanamuziki watatu waliopendwa mno na vijana: Buddy Holly, miaka 22, Ritchie Valens, miaka 17, na J. P. Richardson, miaka 28. Rubani alikuwa kijana wa miaka 21.

Walikuwa wamechoka. Ziara yao iliangukia katikati ya majira ya baridi, kipasha joto cha basi kimeharibika, na mpiga ngoma wao yuko hospitali, baridi imemjeruhi miguu. Baada ya kutumbuiza katika mji wa Clear Lake, Holly alikodi ndege ili watangulie mji wa Fargo, wapumzike na kufua nguo kabla ya onyesho linalofuata. Shida yao ilikuwa ya kweli, na mtu mwenye shida ya kweli ni vigumu kumwambia, "Tungoje kupambazuke."

Rubani hakuwa mzembe. Alikwisha kuruka kwa zaidi ya saa 700, na usiku ule aliulizia hali ya hewa zaidi ya mara moja. Lakini hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege pekee; mtihani wa kibali hicho aliushindwa mwaka 1958. Isitoshe, tahadhari mbili zilizokwisha kutolewa kuhusu hali mbaya ya hewa katika njia yake hazikumfikia.

Nje ya uwanja kulikuwa na mashamba yasiyo na taa. Mawingu yalifunika nyota, theluji ikidondoka. Katika giza la namna hiyo mwili hudanganya. Majimaji ya sikio la ndani huzoea mzunguko wa polepole, hata ndege ikilala ubavu na kushuka, rubani huweza kuapa kuwa imenyooka. Cha kumwokoa ni vyombo tu. Na katika ndege ile, chombo cha kuonyesha mkao kilionyesha kupanda na kushuka kwa pua kinyume na vile alivyojifunzia. Huenda alikuwa akishuka huku akiamini anapanda.

Mwenye ndege, akiwa uwanjani, aliiona taa ya mkia ikiteremka taratibu hadi ikapotea. Asubuhi aliruka kuwatafuta, akayakuta mabaki shambani, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Wote wanne walikuwa wamekufa.

Wachunguzi hawakuitwika theluji lawama. Walisema chanzo ni uamuzi wa kuondoka, kwa safari iliyohitaji ujuzi ambao rubani hakuwa nao, na wakautaja pia upungufu wa taarifa za hali ya hewa pamoja na ugeni wake kwa kile chombo. Maana yake, ajali ile ingeweza kuzuiwa ndege ikiwa bado chini.

Wahenga walisema kawia ufike. Uwe rubani, nahodha au dereva, mpaka wa ujuzi wako uheshimu kabla hujawasha injini, maana ukishaingia gizani huna tena nafasi ya kuchagua. Ukiwa na taarifa ya hatari, usingoje kuulizwa. Mfuate msafiri umwambie. Na wewe abiria, ukiambiwa leo hakuendeki, usimbembeleze aliyekuambia. Mshukuru, ulale, uondoke kesho.