Meli Kuukuu Iliyopewa Kazi Mpya

Somo: Yoshua 14:6-12, Zaburi 92:12-15



Mwezi huu nawaandikia hasa wazee wetu. Nikitembelea nyumba kwa nyumba, nasikia neno moja: "Mchungaji, kazi yangu ilibaki ng'ambo ya ziwa. Hapa nangojea tu." Anayesema hivyo alikuwa mwalimu, au muuguzi, au mzee wa kanisa. Sasa anahesabiwa siku ya posho tu, na yeye mwenyewe ameanza kujihesabu hivyo.

Nawapa mfano wa meli. Mwaka 1840, huko Chatham, Uingereza, ilishushwa majini manowari ya mbao iliyoitwa London. Ilikwenda kwa matanga na kubeba mizinga 90. Mwezi wa Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, ilishambulia ngome za Sevastopol, nayo ikapigwa na kuharibiwa. Baadaye ikatiwa injini ya mvuke, lakini mataifa yalikuwa yameanza kujenga manowari za chuma. Nani angeitaka tena meli ya mbao vitani?

Hata hivyo ilipata kazi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Lakini karatasi haikamati jahazi. Watu waliendelea kupelekwa kwa siri, hasa Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Ndipo London ikaletwa, ikatia nanga bandarini Zanzibar kwa karibu miaka kumi. Haikufukuza majahazi yenyewe. Ilikuwa ghala, karakana na hospitali, na mashua zake ndizo zilizotoka kuvizia. Kazi haikuwa rahisi: tarehe 3 Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lenye watumwa.

Sisemi kwamba walioituma walikuwa watakatifu. Serikali yao ilitafuta faida zake pia. Lakini tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kazi hubadilika, bali mwito haukomi. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipoomba apewe mlima. Si kila mzee ana nguvu za Kalebu, na Mungu anajua. London haikuombwa kukimbia kama zamani.

Pili, anayekaa mahali pamoja anaweza kuwategemeza wanaokwenda. Mashua ilirudi melini kwa chakula, kwa matengenezo na kwa dawa. Vijana wetu ndio mashua. Wakirudi wamechoka na kukata tamaa, watamkuta nani?

Tatu, hatuambiwi tumalize yote. London iliuzwa mwaka 1884, ikavunjwa. Sheria ya kuondoa utumwa Zanzibar ilikuja mwaka 1897. Kazi ilikuwa haijaisha, lakini kila aliyetolewa jahazini alikuwa ametolewa kweli. Wengine walikaa Mbweni, katika makazi ya misheni, wakaanza maisha upya ugenini. Sisi tunajua maana ya jambo hilo.

Vijana, mnapochagua kamati msiwapite wazee kwa kusema wakati wao umekwisha. Nanyi baba zetu na mama zetu, watoto wengi hapa wamezaliwa ugenini. Hawajui majina ya mito yetu, wala jinsi babu zao walivyopatanisha ndugu waliogombana. Mkinyamaza, nani atawaambia? Jumamosi watoto wanapokusanyika kanisani, njoni. Asiyeweza kutembea, tutampelekea watoto nyumbani kwake.

Mungu aliyewachukua tangu tumboni hajawatua chini. Awape nguvu za kazi ya leo. Amina.

Ndugu yenu katika utumishi,
Mchungaji